Wimbo Uliomo Mfukoni: Tunalipia Nini Tunaposikiliza Muziki kwa Simu

Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Endabash, Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha

Tunajua kuna mbaazi na mahindi yanayowasubiri, kwa hiyo hatutawachosha.

Tumetumwa kuzungumza nanyi juu ya haki za mtumiaji wa huduma za mawasiliano. Kwa desturi mazungumzo ya namna hii huanza na vifungu vya sheria, na kwa desturi hiyo hiyo wasikilizaji huanza kusinzia kabla ya kifungu cha tatu. Leo tumeamua kuanza na muziki. Mwananchi anapotuuliza, “Salio langu limekwenda wapi?”, tunapolifuatilia swali lake mara nyingi tunakuta kuna wimbo nyuma yake. Tena mara nyingine ni wimbo ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia. Tutafika huko.

Wairaqw mna jambo ambalo baadhi yetu tulilisoma kwanza vitabuni, nalo ni slufay. Mzee husimama mbele ya watu, akatoa maneno ya baraka kwa mpangilio wa kishairi, na waliokusanyika wakamwitikia. Tunaitaja hapa kwa sababu inaonyesha kusikiliza kulivyokuwa kabla ya mashine yoyote. Msikilizaji wa slufay ni sehemu ya sauti yenyewe. Watu wakikataa kuitikia, shughuli nzima inapwaya. Hakuna kiingilio. Hakuna awezaye kuisikia kwa namna hiyo akiwa peke yake chumbani. Vyombo vyote tutakavyovitaja leo vimefanya kazi mbili: vimeitenga sauti na mwenye sauti, kisha vikamtenga msikilizaji na wasikilizaji wenzake. Kila hatua ya kutenga ilikuja na bei yake, na bei hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tunaoshughulikia watumiaji.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Tangu hapo mtu aliweza kuisikia sauti yake bila kufika Unguja, mradi awe na gramafoni, sindano na santuri yenyewe. Wasiokuwa navyo walisikiliza kwenye mkahawa au barazani kwa mwenye navyo. Bei ilikuwa kubwa kwa mtu wa kawaida, lakini ilikuwa wazi: ukilipa unabeba santuri yako, nayo ni yako mpaka ivunjike.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya mabadiliko kadhaa ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara, na studio yake ndimo bendi zetu zilimorekodi, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ikiwa mojawapo. Wazee mliopo hapa mnakumbuka redio ya transista ikining’inizwa kwenye tawi shambani, na betri zilizochoka zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Mnakumbuka pia kadi za salamu: mtu alinunua kadi, akaandika majina ya nduguze na wimbo autakao, akaituma, kisha akasubiri siku ambayo jina lake lingetajwa. Gharama za msikilizaji zilikuwa betri na kadi. Wimbo wenyewe ulimfikia bure, na ulimfikia yeye pamoja na jirani zake wote waliokuwa karibu na redio ile.

Kaseti ilileta uhuru mpya. Sasa mtu aliweza kukaa mbele ya redio, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodia, akaunasa wimbo atakao na kuurudia hata mara mia. Mkanda ukichomoka aliurudisha kwa kuzungusha kalamu. Miaka ya tisini ikaja na vituo binafsi: sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango, na Radio One ilikuwa hewani mwaka 1994. Halafu zikafuata CD, ambazo hazikudumu sana, maana vumbi la barabara zetu halikuzipenda.

Tuseme kwamba hadi hapo muziki ulinunuliwa kama maji ya ndoo. Ukishalipia ndoo, waweza kunywa, kuogea au kumpa jirani. Muuza maji hakufuati nyumbani. Muziki wa intaneti ni bomba lenye mita. Kila ukifungua, mita inazunguka, hata kama ni wimbo ule ule uliousikia asubuhi. Hili ndilo badiliko kubwa, na limetufikia kimyakimya. Boomplay, kwa mfano, ilianza nchini Nigeria mwaka 2015 ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za TECNO. Mtu alinunua simu, akaikuta programu ya muziki imo ndani. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. YouTube haihitaji kuelezwa.

Sasa tuihesabu mita. Sauti inayosafirishwa kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ni ubora wa kawaida unaomtosha mtu mwenye spika ndogo ya simu, hutumia karibu MB 1 kwa dakika. Saa nzima ni takriban MB 58. Programu hiyo hiyo ikipangwa kwenye ubora wa juu wa kilobiti 320, saa moja hutumia MB 144, yaani mara mbili na nusu, na kwenye spika ya simu ya kawaida tofauti hiyo ni vigumu sikio kuitambua. Video ni habari nyingine kabisa: hata ile ya ubora wa kati hula mamia ya MB kwa saa. Tumewaona vijana wengi, hapa Karatu na kwingineko, wakisikiliza muziki kwa YouTube huku simu imelazwa kifudifudi mezani. Picha hakuna anayeitazama, lakini inalipiwa yote.

Chukueni wimbo mmoja wa dakika nne. Ukiupakua mara moja kwa ubora wa kawaida, umetumia karibu MB 4. Ukiusikiliza moja kwa moja mtandaoni mara thelathini kwa mwezi, na programu yako haiuhifadhi, umetumia MB 120 kwa wimbo huo mmoja. Kwa hiyo nyimbo unazozirudia kila siku, zipakue ndani ya programu halali mara moja, ikiwezekana mahali penye mtandao wa bure au usiku ukiwa na kifurushi cha usiku. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta neno linalohusu ubora wa sauti, uchague wa kawaida. Zima pia ule utaratibu wa video moja kuifuata nyingine yenyewe. Huo huendelea kula kifurushi hata mwenye simu akiwa amelala.

Hapa ndipo haki zenu zinapoingia. Kwa masharti ya vifurushi yaliyotangazwa mwaka 2021, mtoa huduma anatakiwa kukutumia taarifa matumizi ya kifurushi chako yanapofikia asilimia 75, na tena yanapofikia asilimia 100. Kifurushi kikiisha, asikuhamishie kwenye gharama za nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Wimbo ukikatika katikati kwa sababu MB zimekwisha, hayo ni maudhi, lakini ndivyo inavyopaswa kuwa. Kinachotakiwa kukushtua ni wimbo kuendelea kulia huku vocha uliyoiweka kwa ajili ya kumpigia mtoto shuleni ikiyeyuka.

Kabla ya kuacha habari ya mita, tuitetee kidogo redio, kwa kuwa inasahauliwa mapema mno. Simu nyingi, hasa zile ndogo za vitufe, zina redio ya FM ndani yake. Haitumii MB hata moja. Chomeka hedifoni za waya, maana waya huo ndio antena, ufungue. Jihadharini tu na majina yanayofanana: programu inayoitwa redio lakini ikadai intaneti ni bomba lile lile lenye mita. Isitoshe, mawimbi ya FM husafiri kama macho yanavyoona, kilima kikikaa kati sauti hukatika. Kwa nchi ya miinuko na mabonde kama hii, nyumba moja yaweza kupata kituo ambacho ya jirani haikipati. Hilo si kosa la simu yako wala la fundi.

Sasa tuje kwenye ule wimbo ambao mwenyewe hausikii. Mnajua kwamba ukimpigia mtu, mara nyingine badala ya mlio wa kawaida unasikia muziki hadi apokee. Hiyo ni huduma inayolipiwa, na anayeilipia ni mwenye laini, yaani yule anayepigiwa. Burudani ni ya mpigaji. Makato ni ya mpigiwa. Mwenye laini anaweza kuishi miaka asijue, kwa sababu hakuna mtu anayejipigia simu mwenyewe.

Mtu huingiaje humo? Yumkini alibonyeza nyota au tarakimu fulani alipokuwa akisikiliza wimbo wa rafiki yake. Yumkini ujumbe uliruka kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kukubali ili uondoke. Yumkini ni mjukuu aliyekuwa akichezea simu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa bibi mkulima anayekatwa shilingi 100 kila siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 3,000. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Bibi huyo huongeza vocha ya shilingi 500 kila anapotaka kumpigia mwanawe, kisha hushangaa dakika zinavyokuwa chache, na huishia kuamini kwamba simu imezeeka au kwamba mwenye duka amemdanganya. Kwetu sisi, hili lina uzito kuliko mambo mengi yanayoandikwa magazetini kuhusu teknolojia, kwa kuwa linamwondolea mtu kile kitu kimoja alichonunulia simu: kusema na watu wake.

Njia ya kutoka ipo. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja inayotumika kwenye mitandao yote nchini, umwambie mhudumu: “Naomba unitajie huduma zote nilizojiunga nazo, na bei ya kila moja.” Usiseme tu kwamba salio linaisha, swali la jumla huleta jibu la jumla. Ukisomewa orodha, taja unazotaka ziondolewe, na usubiri ujumbe wa kuthibitisha. Kama hujawahi kuridhia huduma hiyo, uliza uliandikishwa lini na kwa njia gani, na uandike jibu pamoja na tarehe.

Kuna pia habari ya umiliki, na hapa vijana ndio wanaopotea zaidi kuliko wazee. Mtu hulipia programu ya muziki kwa wiki au mwezi, akapakua nyimbo mia mbili, akadhani anazo. Kwa kweli alichonunua ni ruhusa ya kusikiliza kwa muda huo. Siku malipo yakikoma, nyimbo zile hufungwa, ingawa bado zimejaza nafasi kwenye simu. Hakuna wizi hapo. Ndivyo mkataba ulivyo, japo wachache sana huusoma. Kabla ya kulipa, jiulize kama makato yatajirudia yenyewe, na kama ndiyo, unajua kuyasimamisha? Usiyaanzishe kabla hujajua.

Tunasikia minong’ono nyuma: “Sisi tunawekewa kwenye memori kadi.” Tunajua. Kila mji mdogo una kijana mwenye kompyuta na orodha ndefu ya nyimbo, na kadi ya GB 4 yaweza kubeba karibu nyimbo elfu moja. Kwa msikilizaji ni rahisi na haina mita. Hatukuja kumkamata mtu leo, lakini hatuwezi kuwaambia kwamba ni sawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi na msanii haki juu ya nakala za kazi yake, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo inayosimamia jambo hilo. Katika fedha anayopewa kijana wa kompyuta, aliyeimba hapati chochote. Upo pia upande unaokugusa wewe moja kwa moja: unapomwachia mtu simu au kadi yako, unamwachia na picha za watoto, ujumbe wa fedha na namba zako zote, na mara nyingine kadi hurudi na virusi. Ukiwekewa kitu chochote, iwe ni kwenye kadi tupu, isiyo na mambo yako, na simu ibaki mkononi mwako.

Memori kadi hizo hizo zimebeba kitu kingine ambacho tungependa kukaa nacho kidogo. Siku hizi, mzee anapotoa slufay harusini au akina mama wanapoimba, simu kumi huinuliwa juu. Ni jambo jema kuliko tunavyolipa uzito. Radio Tanzania iliwahi kuwa na mafundi, mikanda na maktaba kwa ajili ya kazi hiyo. Leo kila kijana wa Endabash ana studio mfukoni. Tatizo ni kwamba hana maktaba. Sauti ya mzee hukaa katika simu moja, kwenye kadi moja ndogo kuliko ukucha, isiyo na jina wala tarehe. Kadi ikiharibika, simu ikiibwa mnadani au ikiangukia mtoni, imekwenda, na mzee huenda naye ameshakwenda. Mtu aliyefiwa huja kwa fundi akiomba irudishwe sauti ya baba yake, si kitu kingine chochote, na fundi mara nyingi hawezi.

Fanyeni hivi. Rekodi yoyote mnayoithamini iwe na nakala tatu zisizokaa pamoja: moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta ya shule au ya parokia, moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Mwanzoni mwa rekodi, aliyeshika simu ataje kwa sauti jina la anayesema, kijiji, siku na mwaka. Inachukua nukta kumi. Na muulizeni mzee mapema kama anaridhia. Yapo maneno ambayo yeye anayatoa kwa waliopo pale tu, wala hataki yazunguke kwenye makundi ya simu. Rekodi ikishawekwa mtandaoni, yeyote aweza kuichukua, akaikata, akaibandikia tangazo la biashara. Sheria ile ya mwaka 1999 inatambua pia sanaa za jadi, lakini kuifuata sauti iliyokwisha kusambaa ni kazi ngumu, hata kwa wenye mawakili.

Juu ya masikio tutasema machache. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya kiwango cha desibeli 80, na kwa mtoto kiwango hicho ni desibeli 75. Hamna kipimo cha desibeli nyumbani, basi tumieni hiki: ukivaa hedifoni na usimsikie mtu anayekuita akiwa umbali wa mkono, umezidisha. Vijana wa bodaboda, ninyi mna sababu ya pili, nayo ni lori linalokuja nyuma.

Ikiwa umekatwa fedha isivyo haki, lalamika kwanza kwa mtoa huduma wako, na umwombe namba ya lalamiko. Usifute ujumbe wowote wa makato. Huo ndio ushahidi wako, na tumeona malalamiko ya haki kabisa yakikosa nguvu kwa sababu mlalamikaji alisafisha simu. Akikawia au usiporidhika na jibu, walete maelezo hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha mjini. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule unaodai umeshinda zawadi kwa sababu ya wimbo fulani, usiujibu. Upeleke kwenda 15040. Na ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Tumeweka meza mbili hapo chini ya mti. Tunaomba wazee watangulie, kila mmoja na simu yake, na kama namba ya siri ameshika mjukuu, basi mjukuu naye aje. Tutapiga 100 pamoja, tusikie orodha ya kila mtu, na kwa wale ambao simu zao zinaimba bila wao kujua, mmoja wetu atawapigia kwanza ili wausikie wimbo wanaoulipia, ndipo waamue kama wauache au wautoe.